Kimeta na Chambavu Huja kwa Majira



Mkulima wa mahindi azijua siku zake. Mawingu ya masika yakianza kukusanyika, shamba lake limekwisha kulimwa. Haendi kutafuta jembe siku mvua inaponyesha. Lakini katika mambo ya mifugo wengi wetu humtafuta daktari wa mifugo siku ile ambayo ng'ombe wa kwanza amekwisha kufa. Leo nataka kuwaeleza kwamba magonjwa nayo yana majira yake, na mwenye kuyajua aweza kuyatangulia. Nitasema juu ya magonjwa mawili tu, yaani chambavu na kimeta.

Magonjwa haya huletwa na vijidudu vya jamii ya bakteria, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi vina hila moja: hali ikiwa mbaya kwao, hujifunga katika ganda gumu mfano wa mbegu, vikalala udongoni miaka mingi vikingojea mnyama. Tutazame mfano wa mbali. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, Waingereza walijaribu mabomu yenye vijidudu vya kimeta katika kisiwa kidogo cha Gruinard, karibu na pwani ya Scotland. Kondoo waliowekwa pale walikufa, na watu wakakatazwa kukanyaga kisiwa hicho. Hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kunyweshwa dawa kali. Basi tusidhani kwamba malisho ya kwetu husahau upesi.

Sasa tuyaangalie majira yenyewe. Chambavu ni ugonjwa wa mwanzo wa mvua. Masika yaanzapo, mwezi wa Machi au Aprili, na vuli ianzapo, mwezi wa Oktoba au Novemba, maji huchimbua udongo na kuzifunua mbegu zilizolala. Majani mabichi huchipuka, na ng'ombe huyala kwa pupa karibu na ardhi. Wanaoshikwa zaidi ni ng'ombe wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 2, hasa walionona. Asubuhi mtamba huonekana akichechemea; paja au bega limevimba, na ukilibonyeza husikika mlio chini ya ngozi kama majani makavu yakikanyagwa. Kesho yake amekufa. Na kwa kuwa aliyekufa ndiye aliyekuwa mnono kupita wenzake, watu husema amepigwa jicho na jirani. Ugomvi mwingi wa bure umezaliwa hapo. Jirani hana kosa. Kosa ni la udongo na la sindano iliyokosekana.

Kimeta hupenda zaidi kiangazi kinachofuata mvua. Mvua kubwa hukokota mbegu zake na kuzikusanya mabondeni na kando ya mabwawa. Kisha jua hukausha nchi, majani huwa mafupi, na mnyama huyang'oa pamoja na mizizi na udongo. Miiba na mabua makavu humchubua mdomo, na hapo ugonjwa hupata mlango. Wanyama wa porini nao hawasalimiki: mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Mnyama wa kimeta mara nyingi hufa ghafula. Mwili huvimba upesi wala haukakamai sawasawa, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma.

Hapa nafika kwenye neno gumu. Ng'ombe amekufa, watoto wana njaa, na nyama ni nyingi. Mwenye boma husema, "Nikiizika, nimepata hasara mara mbili." Maneno hayo yaeleweka, kwa maana ng'ombe ni karo ya shule na ni mahari. Lakini sikilizeni. Vijidudu vya kimeta haviwezi kujifunga ganda pasipo hewa. Mzoga ukiachwa mzima, vingi hufa ndani yake unapooza. Kisu kikipasua, damu humwagika na kupata hewa, na vijidudu vyote hivyo huwa mbegu. Basi achunaye ngozi ile amepanda kimeta katika malisho yake mwenyewe, na wajukuu wake ndio watakaovuna. Tena mchunaji aweza kutokwa na kidonda chenye kigaga cheusi, na walaji waweza kushikwa na ugonjwa wa tumbo unaoua. Kupika nyama hakutoshi kuiponya.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, kuchanja kila mwaka, majuma kadhaa kabla ya majira ya hatari, kwa maana kinga haipatikani siku ile ile ya sindano. Hapa Kenya hutengenezwa chanjo moja inayokinga magonjwa yote mawili. Mnyama asipewe dawa za kuua bakteria, kama penisilini, siku za kuchanjwa kimeta, kwa sababu dawa hizo zaweza kuiharibu chanjo. Pili, mnyama akifa ghafula, asipasuliwe. Afunikwe kwa matawi ya miiba ili mbwa na fisi wasimfikie, na habari ipelekwe upesi kwa afisa wa mifugo. Mzoga uteketezwe kabisa kwa moto, au uzikwe mzima futi 6 kwenda chini, mbali na maji. Tatu, aliyeugusa mzoga au kula nyama yake aende hospitali bila kungoja. Kimeta kikitibiwa mapema hupona.

Bei ya sindano ni ndogo sana mbele ya bei ya ng'ombe, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Utakapokuwa ukinoa jembe lako kungojea masika, uliza pia siku ya chanjo.