Hatari Huisha, Amri Hubaki



Tumeombwa tuseme machache juu ya usalama wa taifa na haki za raia. Tungependa kuanza na mtu mmoja, kwa sababu sheria ikisomwa kwa vifungu peke yake hulaza watu, na jua la alasiri hii halitusaidii.

Mtu huyo ni Ramogi Achieng Oneko. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari mnamo 20 Oktoba 1952, Oneko alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba, na Aprili 1953 akapatikana na hatia. Akakata rufaa. Mwaka 1954 mahakama ya wakoloni wenyewe ikaifuta hukumu yake. Kwa sheria yoyote tuliyofundishwa, mtu aliyeshinda rufaa huchukua virago vyake akaenda nyumbani. Oneko hakwenda nyumbani. Aliondolewa katika orodha ya wafungwa, akaandikwa katika orodha ya watu wa kuzuiliwa, na akabaki humo hadi 1961. Mahakama ilikuwa imesema hana kosa. Gavana hakubishana nayo kuhusu kosa. Alisema tu kwamba usalama unamhitaji mtu yule akae ndani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Oneko akawa waziri katika serikali ya wananchi. Mwaka 1966 alimfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU. Oktoba 1969, baada ya ghasia za Kisumu ambamo raia waliuawa kwa risasi, chama hicho kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Oneko hakutoka mpaka 1975. Na Rais aliyekuwa mamlakani ni yule yule aliyeketi naye kizimbani Kapenguria.

Tunaomba mlitafakari jambo hilo kwa utulivu. Hatukulileta hapa ili kufukua makaburi, wala kumhukumu mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Tumelileta kwa sababu linatuonyesha namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Hali ya hatari ilipoondolewa rasmi mwaka 1960, mkoloni alihakikisha kwamba mamlaka yake hayaondoki nayo: akatunga Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, akaiacha juu ya meza. Mwenye meza mpya akaikuta. Mwaka 1966, miezi michache tu baada ya KPU kuundwa, Bunge letu wenyewe lilirekebisha Katiba na kuipanua sheria hiyo, hata ikawa Rais anaweza kumweka mtu ndani bila mashtaka wakati hakuna vita wala hali ya hatari. Waliopiga kura ya ndiyo siku ile hawakuwa wabaya wote. Wengi waliamini kwamba inawahusu wengine.

Na wengine walikuwapo tayari. Mwezi wa uhuru ulikuwa haujamalizika Desemba 1963 wakati hali ya hatari ilipotangazwa Kaskazini Mashariki, kwa sababu ya vita vya waliotaka kujiunga na Somalia. Vita vyenyewe vilikwisha mwaka 1967. Hali ya hatari iliendelea hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku ile bendera ilipopandishwa alifika umri wa kuoa na kuzaa bila kuishi hata siku moja chini ya sheria zile tulizokuwa nazo Nakuru au Machakos. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda huko kati ya 1963 na 1967. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Je, sisi wa huku chini tulisema nini? Chama cha mawakili kilisema nini? Magazeti yetu? Wahenga walituambia mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tulidhani kinyozi yule anajua kichwa kimoja tu.

Kisha akashuka. Mwaka 1982 wakili John Khaminwa alitiwa kizuizini kwa sababu alikuwa akimtetea mteja aliyezuiliwa. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliijulisha serikali kwamba angefungua kesi kwa niaba ya wateja watatu waliosema waliteswa mikononi mwa polisi. Kabla kesi haijasimama, yeye mwenyewe akawa ndani. Hiyo ndiyo miaka ya vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, ambako watu waliwekwa ndani ya maji hadi ngozi za miguu zikaoza, wakaletwa mbele ya hakimu saa za jioni, mahakama ikiwa tupu, wakakiri. Vyumba hivyo vilikuwa katikati ya jiji, na sisi tulipita juu yake kwenda kushughulikia mambo ya pasipoti.

Mtauliza, Katiba ilikuwa wapi? Ilikuwapo. Kifungu cha 84 kilimruhusu raia aliyevunjiwa haki zake kwenda Mahakama Kuu. Lakini mnamo 1989 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakifanyi kazi, kwa kuwa Jaji Mkuu alikuwa bado hajatunga kanuni za kukitumia. Yaani haki zote za Wakenya zilikwama kwa kukosa fomu. Tukiwaeleza mawakili chipukizi kisa hiki hucheka, wakidhani tunatia chumvi.

Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi. Walizuiliwa siku tatu kabla ya mkutano wenyewe. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini na hakupata kuwa mzima tena. Mnamo 1997, baada ya damu nyingine kumwagika katika Saba Saba ya mwaka huo, serikali na upinzani walikaa pamoja Bungeni, na mamlaka ya kuzuilia watu bila mashtaka yakafutwa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Mwaka haukupita. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliupiga ubalozi wa Marekani Nairobi, likaua watu zaidi ya 200, karibu wote Wakenya waliokuwa kazini au ndani ya basi. Hapa tunataka tusieleweke vibaya. Hatari ni ya kweli. Watu 67 waliuawa Westgate mnamo Septemba 2013. Watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo 2 Aprili 2015. Mtetezi wa haki anayezungumza kana kwamba maiti hizi ni hadithi ya serikali hastahili kusikilizwa na mzazi yeyote. Dola inayoshindwa kuwalinda watu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Swali letu ni dogo zaidi na linauma zaidi: amri zilizotolewa kwa jina la wafu hawa zilitumiwa juu ya nani? Mapema mwaka 2007 makumi ya watu waliokimbia vita vya Somalia, Wakenya wakiwamo, walitolewa katika seli zetu usiku, wakapakiwa ndegeni hadi Somalia, na wengine wakaishia katika magereza ya Ethiopia. Mawakili wao walikuwa bado wanangoja tarehe ya kesi. Aprili 2014 maelfu walizolewa Eastleigh na kufungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo, akina mama na watoto wachanga. Ofisa aliyeshughulika siku nzima kukagua kitambulisho cha muuza kitambaa hana muda wa kumtafuta mwenye bunduki. Hatusemi kwamba Kasarani ilizaa Garissa. Tunasema kwamba mwaka mmoja baada ya Kasarani, Garissa haikuwa salama zaidi.

Desemba 2014 ilikuja Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, iliyopitishwa huku wabunge wakipigana na kumwagiana maji, ikatiwa sahihi siku iliyofuata. Safari hii tulikuwa na Katiba ya 2010 na mahakama iliyo macho. Februari 2015 majaji watano walibatilisha vifungu vinane, kikiwamo kile cha kumfunga mwandishi wa habari, na kile kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Tunaitaja hukumu hiyo kwa sababu kuna wanaosema kwenda mahakamani ni kupoteza nauli. Nauli nyingine hulipa.

Sasa tufike mahali ambapo sote tunapajua. Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Waliuawa kadhaa wa kadhaa. Halafu wakaanza kutoweka. Mwishoni mwa Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani walipo. Mapema Januari 2025 baadhi waliachiliwa ghafla, wakatupwa barabarani mbali na kwao, kimya kimya. Na katikati ya mwaka 2025 waandamanaji walianza kusomewa mashtaka ya ugaidi, chini ya sheria ile ya 2012 tuliyoambiwa ni ya Al-Shabaab peke yao.

Sisi mawakili tunaona tofauti moja ambayo huenda wengine hawaioni. Katiba ya zamani, pamoja na uovu wote wa kizuizi, ilimtaka mwenye kumzuilia mtu ampe sababu kwa maandishi katika siku tano, na jina lake lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali katika siku kumi na nne. Palikuwa na sahihi. Mke wa mzuiliwa aliweza kulikunja gazeti lile, akaliweka kabatini, na kusema: huyu ndiye aliyemchukua. Lilikuwa jambo la kikatili, lakini lilikuwa na mwenyewe. Gari lisilo na nambari, wanaume waliofunika nyuso, simu iliyozimwa: hayo hayana mwenyewe. Tulifuta sahihi mwaka 1997 tukidhani tumeufuta mkono.

Tulisimama siku moja kwenye kaunta ya kituo cha polisi, ambacho hatutakitaja, pamoja na mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe. Kilikuwa kituo cha nne siku hiyo. Askari, kijana mwenye adabu, alifunua kitabu cha matukio akakisoma ukurasa kwa ukurasa.

“Mama, hapa hayuko. Ona mwenyewe.”

“Basi niandikie hapo kwamba nilikuja,” akasema mama.

Kijana alituangalia. “Wakili, hilo silo tukio.”

“Mwanangu,” mama akamjibu, “mimi ndiye tukio.”

Akaandikiwa. Namba ile, saa ile na tarehe ile ndivyo tulivyokwenda navyo mahakamani asubuhi yake kuomba amri kwamba mtoto aletwe mbele ya jaji akiwa hai. Bila mstari ule tungekwenda na machozi tu.

Ndiyo maana tunayo machache ya kuwaomba. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa ishirini na nne. Ibara ya 25 inasema haki ya kuletwa mbele ya jaji kwa amri ya mahakama, na haki ya kutoteswa, haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, usalama ukiwamo. Ibara ya 58 inasema hali ya hatari ikitangazwa, hufa yenyewe baada ya siku kumi na nne Bunge lisipoirefusha, na Mahakama ya Juu inaweza kuibatilisha. Waandishi wa Katiba waliisoma vizuri historia ya Wajir. Lakini saa ishirini na nne lazima zianze kuhesabiwa na mtu fulani, na mtu huyo ni jirani aliyeona. Na Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, ile ya 1960, ingali kitabuni, Sura ya 57, imekatwa mikono lakini haijazikwa. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwulizeni kama amewahi kuisoma.

Tena, akichukuliwa mtu msiyempenda, mtu wa dini nyingine, wa kabila lingine, wa chama kile mnachokizomea, nendeni kituoni vile vile. Hili ndilo gumu kuliko yote tuliyoyasema leo. Sisi wenyewe mawakili lilitushinda kwa miaka ishirini na saba.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna karatasi. Zina nafasi ya kuandika saa, mahali, rangi ya gari, mavazi, maneno yaliyosemwa, kituo mlichokwenda na namba mliyopewa. Chukueni mbili mbili. Moja mwachie mwenye duka la karibu nanyi, maana yeye huwa macho hadi usiku.