Amonia kwa Nguvu za Umeme

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa Makatibu wa Vyama Wanachama)



Tangu bei ya mbolea ya chumvichumvi ilipopanda sana mwaka 2022, baadhi yenu mmeniuliza iwapo chama chaweza kutumia hisa zake kununua mtambo wa kutengeneza amonia kwa umeme, pasipo gesi asilia. Ndani ya swali hilo mna njia mbili zisizofanana.

Njia ya kwanza si ngeni. Umeme hupasua maji ili kutoa haidrojeni, nayo huunganishwa na naitrojeni ya hewani kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, kama ilivyoanza kufanywa kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kiwanda cha Sable huko Kwekwe, Zimbabwe, kilipasua maji hivyo kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2015. Kemia haikushindwa, umeme ndio uliokuwa haba.

Tufanye hesabu. Tani moja ya amonia kwa njia hii hula uniti zipatazo 10,000. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, zinazohitaji amonia kilo 28, yaani uniti kama 280. Kila katibu azidishe kwa bei ya umeme wa kwao, kabla hata ya kuuliza bei ya mtambo. Tena amonia ni gesi yenye sumu. Haimwagwi shambani kwa mkono mpaka igeuzwe kwanza kuwa chumvi au urea.

Njia ya pili ndiyo inayosifiwa sana siku hizi: amonia kutoka moja kwa moja katika chombo cha umeme, bila tanuri. Faida yake ingekuwa kubwa, kwani viwanda vya sasa hutoa zaidi ya asilimia moja ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Lakini naitrojeni ni ngumu kuvunjwa, na umeme hupenda kutoa haidrojeni badala ya amonia. Kinachopatikana huwa kidogo mno, hata amonia iliyomo hewani au katika pumzi ya mpimaji yaweza kuhesabiwa kuwa mazao. Sisi tunaopima pamba twalijua jambo hilo: asiyetoa uzito wa gunia tupu hulipia gunia kwa bei ya pamba.

Mwaka 2019 wataalamu wa Denmark na Marekani walichapisha utaratibu wa ukaguzi katika jarida la Nature. Jaribio hurudiwa kwa gesi ya agoni, ambapo amonia haipaswi kuonekana, kisha kwa naitrojeni nzito, ambayo alama yake haina budi kuonekana ndani ya amonia. Njia itumiayo lithiamu ilistahimili ukaguzi huo. Nayo hula umeme mwingi kuliko ile ya Kwekwe.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, mwuzaji akifika, mtakeni matokeo ya vipimo hivyo viwili na idadi ya uniti kwa kila kilo. Karatasi hizo ziletwe kwa Mkaguzi kabla mkutano mkuu haujapigia kura fedha za hisa.