Mazoezi ya Kupumua: Je, Yanatosha Kumtibu Mtoto Mwenye Pumu?

Leo tunazungumza juu ya pumu, na hasa swali ambalo akina mama wengi hutuuliza kliniki: je, mazoezi ya kupumua yanaweza kuchukua nafasi ya inhela?

Naanza na mama mmoja aliyefika kwetu usiku kwa bodaboda, amembeba kijana wake wa miaka 8. Mtoto alikuwa akihema, mbavu zinabonyea ndani, anatoa neno moja moja. Tulipouliza kuhusu dawa, mama alisema alikuwa ameacha inhela ya kuzuia kwa miezi miwili. Jirani alimwambia inhela humfanya mtoto awe mtumwa wa dawa, akamfundisha mazoezi ya kupumua badala yake. Wiki za kwanza mtoto alionekana mzima kabisa. Usiku ule tulimsaidia akapata nafuu, lakini alikuwa amefika mahali pabaya.

Mama yule hakuwa mzembe. Alimtakia mwanawe mema. Basi tuelewe alikosea wapi.

Mtoto anapokuwa na pumu, njia ndogo za hewa ndani ya mapafu huwa zimevimba. Akipata moshi, vumbi, mafua au baridi, njia hizo hubana na kujaa makohozi. Ndiyo sababu kifua hulia kama filimbi. Dawa ni za aina mbili. Kuna ya kufungua, ambayo hulegeza njia zilizobana ndani ya dakika chache. Na kuna ya kuzuia, ambayo hupunguza ule uvimbe polepole na hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Ukiacha ya kuzuia, uvimbe haurudi siku moja. Hurudi kidogo kidogo. Kwa hivyo zile wiki nzuri ambazo mama yule alidhani ni kazi ya mazoezi, huenda zilikuwa masalio ya dawa.

Je, mazoezi hayana faida? Yana faida. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulifuatilia watu 655 wenye pumu kwa mwaka mmoja. Waliofundishwa mazoezi ya kupumua waliendelea na dawa zao, na maisha yao ya kila siku yakawa nafuu kuliko ya wale ambao hawakufundishwa. Lakini mapafu yao yalipopimwa, nguvu ya kupuliza hewa haikubadilika, na uvimbe haukupungua. Maana yake ni kwamba mazoezi humsaidia mtu kuishi na pumu, lakini hayaondoi ugonjwa wenyewe.

Tena hao walikuwa watu wazima na vijana wakubwa. Kwa watoto, wataalamu waliokusanya tafiti mwaka wa 2016 walipata 3 tu, zenye watoto 112, na katika zote mazoezi yalichanganywa na mafunzo mengine. Hawakuweza kusema kwamba mazoezi peke yake yanamfaa mtoto.

Ukitaka kumfundisha mwanao, mfundishe akiwa mzima, si wakati wa shambulio. Akae wima, alegeze mabega, aweke mkono juu ya tumbo. Avute hewa polepole kwa pua mpaka tumbo liinuke. Kisha atoe hewa taratibu kwa mdomo, kama anayepoza uji wa moto. Dakika 5 zatosha. Akisikia kizunguzungu, aache. Usimlazimishe kuzuia pumzi. Faida kubwa ni kwamba mtoto hujifunza kutulia, kwa sababu hofu humfanya ahema mbio na kuchoka zaidi.

Utajuaje kama pumu imetulia? Jiulize kila wiki: Je, anakohoa usiku? Je, anaacha mchezo wenzake wakiendelea? Je, ametumia dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mrudishe kliniki. Usiongeze mazoezi ukingoje.

Shambulio likija, dawa ya kufungua ndiyo ya kwanza. Mkalishe wima. Tumia ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela. Bonyeza mara moja, apumue mara 4 hadi 6, kisha ubonyeze tena, kwa kadiri mlivyoelekezwa kliniki. Hapo ndipo unaweza kumwambia, "Pumua polepole, mama yuko hapa." Ukiona mbavu zinabonyea, hawezi kumaliza sentensi, hawezi kunywa, amelegea, au midomo imekuwa ya bluu, kimbia hospitali mara moja, na uendelee kumpa dawa njiani.

Na hii habari ya inhela kumfanya mtoto mtumwa si kweli. Inhela hupeleka dawa kidogo moja kwa moja kifuani. Haimfungi mtoto. Pia si dawa ya watu walio hoi tu, kama wengine wanavyosema.

Tukumbuke pia jikoni. Dakika 5 za mazoezi hazitashinda saa nzima ya moshi wa kuni. Mtoto asikae karibu na jiko, na anayevuta sigara avutie mbali na nyumba.

Kwa hivyo mama, mazoezi yaongezwe juu ya dawa, yasiwekwe mahali pake. Ukitaka kupunguza dawa, njoo tuzungumze kwanza. Hakuna atakayekukemea.