Mnara wa 5G umefika, swichi anayo nani?

Mazungumzo haya niliyatoa kwa mdomo jioni moja kijiweni kwetu Manzese, wenzangu wakaniambia: andika, na wa Mbagala na Mwanjelwa wapate. Basi msomaji, jihesabu umekaa nasi kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi.

Sikusoma uhandisi. Niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuandika habari kwa malipo ya makala moja moja. Lakini ofisi yangu ni simu, kama ilivyo ofisi ya wengi wenu: wewe unayeuza viatu kwa picha za WhatsApp, wewe wa bodaboda unayeitwa kwa programu, wewe mwenye steshenari unayewajazia watu fomu za mkopo wa chuo. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba intaneti ya kizazi cha tano itageuza biashara, habari hiyo ni yetu pia, si ya vigogo wa maghorofa ya Posta peke yao.

Nchini kwetu Vodacom ilizindua 5G Septemba 2022. Mwezi uliofuata serikali ikapiga mnada masafa ya mawasiliano, na kampuni nne zikamwaga jumla ya dola za Marekani milioni 187. Hebu jiulize fedha hizo zitarudi kwa njia gani. Kwa bando lako, ndugu yangu, na la shangazi yako.

Sasa tuwe wakweli, chombo chenyewe ni kizuri. Unaijua Kariakoo saa sita mchana, wiki ya kuelekea Idi: simu inaonyesha mistari yote, lakini picha ya kiatu inazunguka, inazunguka, mpaka mteja kaondoka zake. Mnara upo. Ila maelfu ya watu wameung'ang'ania kwa mpigo, kama daladala ya jioni. Kizazi cha tano kiliwekewa lengo la kuhudumia hadi vifaa milioni 1 ndani ya kilomita moja ya mraba. Na kwa mwenye duka ipo ruta ya kuweka dirishani, inavuta mawimbi toka mnarani na kuzigawia kompyuta zote za ndani, bila mtu kuchimba mtaro wa kupitisha mkongo. Mafundi simu watano au sita wa jengo moja wakichanga, ruta moja inawatosha.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji sana. Kwa 5G kampuni inaweza kuugawa mtandao mmoja vipande, kipande kimoja kikawa cha bandari au kiwanda, chenye ahadi ya kutoganda, sisi walalahoi tukabaki kwenye kipande cha wote. Si dhambi. Lakini ni kama njia ya mwendokasi: ukiona basi linapita tupu na wewe umekwama kwenye foleni, una haki ya kuuliza barabara iligawanywaje.

Halafu mawimbi ya megahezi 3,500, ambayo ndiyo hutumika sana kubebea kasi hiyo kubwa, hayaendi mbali, na ukuta wa tofali huyapunguza nguvu. Kwa hiyo minara inatakiwa mingi tena ya karibu karibu. Kama mtaji ni wako, utaanza kuijenga wapi? Masaki au kwetu uswahilini? Mimi kabla sijanunua ruta nataka ijaribiwe ndani ya chumba changu, si barabarani kwenye hema la mauzo.

Hayo ni ya mnara. Lakini mnara ni mdomo tu, tumbo liko kwingine. Picha yako husafiri hewani kipande kifupi, kisha inaingia kwenye mkongo, na ikitakiwa ng'ambo inapita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika baharini huko kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia. Siku hiyo mwenye 5G na mwenye kiswaswadu walikaa benchi moja.

Mkongo ukikatika ni ajali. Kuna kukatika kwingine kusiko kwa ajali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejea mwanzoni mwa Novemba. Mimi nilikuwa na makala mbili na picha zake ndani ya simu. Zilioza humo humo. Makala isiyofika hailipwi, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za mtandao. Bando langu la wiki likaisha muda wake bila kuguswa. Jirani yangu anayeuza mitumba kwa oda za mikoani alikaa na viroba vyake siku zote hizo, hajui nani kaagiza nini.

Ndiyo maana mtu akinipigia debe la 5G ya biashara, simuulizi kasi. Wengi wetu hata 4G isiyokatika ingetutosha. Namuuliza: swichi anaishika nani, anaizima kwa amri ya nani, na mwenye duka akila hasara amdai nani? Mwenye kiwanda ana mwanasheria wa kumwandikia vifungu hivyo kwenye mkataba. Wewe na mimi tuna vocha.

Kijana mmoja pale kijiweni akanibana: sasa kaka, tununue ruta au tusinunue? Nikamwambia nunueni, ila kwa kuchanga, tena lipieni mwezi mmoja mmoja, msitoe fedha ya mwaka mzima mbele. Na oda za wateja mziandike pia kwenye daftari. Kijana akacheka. Jirani yangu wa mitumba, aliyekuwa amekaa pembeni, hakucheka.