Taras Shevchenko, Mchoraji Aliyekatazwa Kushika Kalamu



Nataka kuwapa leo habari za mtu mmoja aliyekuwa na kazi mbili mkononi mwake, kuchora picha na kutunga mashairi. Kazi ya kwanza ilimtoa katika utumwa, na ya pili ikamtia kifungoni. Jina lake ni Taras Shevchenko, na nchi yake ni Ukraine, nchi ya udongo mweusi na ngano. Zamani zile sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya Tsar, yaani mfalme mkuu wa Urusi.

Alizaliwa mwaka 1814, na wazee wake walikuwa watwana wa bwana mwenye mashamba aitwaye Engelhardt. Huenda mtu akauliza utwana huo ulikuwaje, maana watu hao hawakuvushwa bahari wala kufungwa minyororo. Walikuwa wenyeji wa nchi ileile, na rangi yao na ya bwana wao ilikuwa moja. Lakini mkulima hakuwa na ruhusa kuhama shambani, alimfanyia bwana kazi bila ujira, na bwana aliweza kumchapa, kumuuza, au kumtoa aende akawe askari.

Mama yake alikufa Taras akiwa na umri wa miaka 9, na baba yake alipokuwa na miaka 11. Yatima huyu akatumika kwa msomaji wa kanisa aliyekuwa ndiye mwalimu wa kijiji, mtu mlevi na mwepesi wa fimbo. Hata hivyo kila alipopata kipande cha karatasi alichora. Alikwenda kwa wachoraji wa sanamu za watakatifu akiomba kufundishwa. Mmoja wao alimtazama kiganja cha mkono wa kushoto, akamwambia kuwa hafai hata kushona viatu wala kutengeneza mapipa. (Waganga wa viganja hawapatikani Afrika peke yake.)

Hata alipokuwa kijana, bwana mpya, mrithi wa yule wa kwanza, alimfanya mtumishi wa ndani. Kazi yake ilikuwa kukaa kimya pembeni mwa chumba cha mbele, akingoja kuitwa alete kiko au maji ya kunywa. Bwana alisafiri sana, naye akafuatana naye hadi mji wa Vilnius. Usiku mmoja wa Desemba 1829 bwana na bibi walikwenda kwenye dansi iliyofanywa kuadhimisha siku ya jina la Tsar Nicholas. Nyumba ilipotulia Taras aliwasha mshumaa, akaanza kuiga picha ya jemadari mmoja. Alizama katika kazi hata asisikie mlango. Bwana aliporudi alimvuta masikio na kumpiga makofi, kwa kuwa mshumaa ule ungaliweza kuunguza mji, na kesho yake akaamuru achapwe viboko. Lishikeni jina la Tsar huyo, maana tutakutana naye tena.

Lakini bwana yule alikuwa na akili ya faida. Aliona kuwa mtwana ajuaye kupaka rangi ana thamani kuliko mtwana wa kuleta kiko, basi mwaka 1832 akamweka kwa fundi wa mapambo ya nyumba mjini St. Petersburg kwa muda wa miaka minne. Mchana Taras alipaka rangi kuta na dari za watu. Usiku, kwa kuwa katika nchi ile ya kaskazini usiku wa kiangazi una mwanga, alikwenda katika bustani ya mfalme kuchora sanamu za mawe. Huko alikutana na mchoraji kijana wa kwao, Ivan Soshenko, naye akampeleka kwa wakubwa wa sanaa. Mmoja wao, Karl Bryullov, alikuwa mchoraji mwenye sifa kuliko wote mjini.

Bwana alitaka rubli 2,500 ndipo amwache huru, na fedha hizo hakuna aliyekuwa nazo. Basi Bryullov akachora picha ya mshairi Zhukovsky, aliyekuwa mwalimu wa mrithi wa ufalme, picha ikachezewa bahati nasibu, na watu wa nyumba ya mfalme wakanunua tiketi. Kwa hiyo mwaka 1838 Taras Shevchenko, mwenye umri wa miaka 24, alipewa hati ya uhuru iliyonunuliwa kwa picha. Mara akaingia Chuo cha Sanaa, akawa mwanafunzi wa Bryullov mwenyewe.

Hapo ndipo watu wengi wangalisema, sasa kijana ametulia. Lakini katika chumba cha mwalimu wake, katikati ya picha zile nzuri, alikuwa akitunga mashairi, tena si kwa Kirusi, lugha ya serikali na ya vitabu, ila kwa Kiukraine, lugha ya mama yake na ya majirani zake shambani. Mwaka 1840 yalitoka mashairi manane katika kitabu kidogo. Alikiita Kobzar, jina la waimbaji wazururao na chombo cha nyuzi, wengi wao vipofu, wakiimba habari za mababu. Wako wasomi waliomcheka. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri twaijua dharau hiyo: lugha ya nyumbani husemwa kuwa inafaa kwa kuita kuku, haifai kwa mambo makubwa. Shevchenko hakushindana nao kwa hoja. Alitunga tu, na watu wasiojua kusoma wakayashika mashairi kwa moyo.

Aliporudi kuitazama nchi yake aliona ndugu zake wangali watwana. Tangu hapo mashairi yake yakawa makali, akayaandika katika daftari asilolipeleka kwa mpiga chapa. Aprili 1847 askari walimkamata pamoja na vijana wa chama kimoja cha siri cha Kiev, na daftari wakalipata. Ndani yake lilikuwamo shairi la kumdhihaki Tsar na mkewe. Hukumu ilikuwa kupelekwa mbali mashariki, Orenburg, awe askari wa daraja ya chini kabisa. Tsar Nicholas akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kuwa alindwe sana, na akatazwe kuandika na kuchora.

Alikaa huko miaka 10. Alishona vijitabu vidogo kuliko kiganja, akaandika kwa herufi za sisimizi, akavificha katika buti zake. Vijitabu vinne vya namna hiyo vipo hata leo. Mwaka 1848 alipata nafuu, maana nahodha Butakov aliyetumwa kupima Bahari ya Aral alihitaji mtu wa kuchora pwani, akamchukua. Kwa misimu miwili alichora mawe, visiwa na mahema ya Wakazaki. Kisha ofisa mmoja akamchongea, akahamishwa mwaka 1850 hadi ngome iliyo ukiwani kando ya Bahari ya Kaspi. Huko alikaa miaka saba, na hata huko alichora watoto maskini wa Kikazaki wakiomba mlangoni. Leo mji wa mahali pale waitwa Fort-Shevchenko.

Nicholas alikufa mwaka 1855, na mfungwa akafunguliwa mwaka 1857. Alirudi St. Petersburg mwaka uliofuata, mwenye upara na ndevu nyingi. Mwisho wa mwaka 1858 alifika mjini Ira Aldridge, Mwafrika wa Marekani, aliyekuwa akicheza michezo ya Shakespeare. Mmoja alikuwa mtwana zamani, na mwingine wa taifa ambalo mamilioni yake walikuwa wangali watumwa kwao. Hawakuwa na lugha moja, hata binti mdogo wa makamu wa mkuu wa Chuo cha Sanaa ndiye aliyewafasiria. Shevchenko alimchora uso, na picha hiyo imo Moscow katika nyumba ya Tretyakov.

Mwaka 1860 Chuo kilimpa daraja ya juu kwa picha zake za bamba la shaba, na katika mwaka huohuo ndugu zake wawili na dada yake walipata uhuru, lakini bila shamba. Kwa fedha yake mwenyewe alipiga chapa vitabu 10,000 vya kufundishia watoto kusoma Kiukraine, bei yake kopeki tatu.

Tarehe 3 Machi 1861 Tsar mpya alitia sahihi amri ya kuwaacha huru watwana wote, lakini ilifichwa kwa muda. Shevchenko alikuwa mgonjwa sana, akiuliza kila aliyeingia kama kuna habari. Alikufa tarehe 10, siku moja baada ya kutimiza miaka 47. Tarehe 17 amri ile ilisomwa makanisani. Mwezi Mei rafiki zake walilichukua jeneza hadi Ukraine, wakamzika kilimani karibu na Kaniv, juu ya mto Dnipro.