Kifaa Kinachowashwa na Asiyekiunda: Njia ya Mwanafizikia Virgil Elings



Virgil Elings alihitimu shahada ya uzamivu ya fizikia MIT, na mwaka 1966 akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kifaa kilichompa jina hakukibuni yeye. Hadubini inayoonyesha atomi moja moja ilibuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer katika maabara ya IBM karibu na Zürich mwaka 1981, na ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Elings alifanya kazi nyingine, ambayo vyuo vyetu bado haviipi heshima inayostahili: aliifikisha hadubini hiyo mikononi mwa watu wasiojua kuiunda.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Katika hadubini hii, ncha kali ya metali huletwa karibu na sampuli mpaka pabaki pengo lisilofika nanomita moja. Umeme huvuka pengo hilo bila ncha kugusa kitu, na ncha ikiinuka sehemu moja tu ya kumi ya nanomita, mkondo hupungua takriban mara kumi. Hapo ndipo penye uwezo wake, na hapo hapo ndipo penye taabu. Mlango ukifungwa ukumbini, mtetemo wake unaweza kulishinda pengo lenyewe. Ndiyo maana maabara za kwanza zilijiundia hadubini zao, na mwanafunzi wa uzamivu aliweza kutumia sehemu kubwa ya masomo yake kwenye kifaa kabla hajapima chochote. Mtaalamu wa kemia au biolojia angeipata wapi nafasi hiyo?

Elings alikuwa akiongoza shahada ya uzamili ya vifaa vya kisayansi, ambamo mwanafunzi alijifunza kwa kuunda. Naamini kampuni yake ilizaliwa humo zaidi ya kuzaliwa katika makala za utafiti. Mwaka 1987, yeye na Gus Gurley walianzisha Digital Instruments na kuuza hadubini waliyoiita NanoScope. Mtetemo ulipunguzwa kwa kuning'iniza jukwaa la kifaa kwa kamba za mpira. Ni suluhisho la fundi, na fizikia yake ni sahihi kabisa.

Wakati huo Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walikuwa wamekwisha kubuni, mwaka 1986, hadubini ya pili, inayohisi nguvu kati ya ncha na sampuli kama kidole cha asiyeona juu ya maandishi ya nukta. Lakini ncha iliyoburutwa ilikwangua vitu laini. Mwenye plastiki au chembe hai hanunui kifaa kinachoharibu sampuli yake; basi swali la soko likawa swali la fizikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilileta mbinu ya kuitetemesha ncha ili iguse kidogo na kuondoka, tena na tena. Mbinu hiyo ingali inatumika katika maabara nyingi duniani.

Elings hatimaye aliacha uprofesa. Wengine hawakuwa na uhuru wa kuchagua hivyo. Günther Laukien, profesa wa fizikia wa Karlsruhe, Ujerumani, alizuiwa na sheria za wakati huo kufanya biashara, kwa hiyo kampuni aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1960 ilichukua jina la mshirika wake, Emil Bruker. Digital Instruments iliuzwa kwa Veeco mwaka 1998, na mwaka 2010 tawi la hadubini la Veeco likanunuliwa na kampuni hiyo hiyo ya Bruker.

Pendekezo langu kwa idara za fizikia ni moja. Mwanafunzi wa uzamili aruhusiwe kuhitimu kwa kifaa alichokiunda, na mmoja wa watahini wake awe fundi sanifu wa maabara ya idara nyingine, atakayekitumia kwa wiki nzima mwanafunzi mwenyewe akiwa hayupo.