Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Twataka kuzungumza nanyi habari ya neno linalosemwa sana, nalo ni kujiamini. Vijana huambiwa, "Jiamini, utafanikiwa." Maneno hayo ni mazuri, lakini yamepungua kitu. Mtu ajiamini kwa sababu gani? Akijiamini bure, huwa ni majivuno tu, na majivuno hayalimi shamba. Asipojiamini kabisa, hujiona hafai, na kazi yake hufa kabla haijaanza. Sisi tulio walimu twawaona wanafunzi wa namna zote mbili, na wote hututia huzuni.

Basi, tutafute mfano hapa hapa kwetu. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kiko kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona huko mfupa mkubwa ajabu umetokeza juu ya ardhi. Toka mwaka 1909 hata mwaka 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosauri, yaani wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, wengine wakubwa kuliko tembo mara nyingi.

Fikirini hali ya nchi wakati ule. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika vilima vya Matumbi mwaka 1905, vilikuwa vimekwisha karibuni tu, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi sana. Waliosalia walitawaliwa na wageni, wala hawakuulizwa rai yao. Kama wako watu waliokuwa na sababu ya kusema, "Sisi si kitu," ni hao. Lakini walikwenda Tendaguru mamia kwa mamia kutafuta ujira, wakashika kazi ambayo hawakuwa wamefundishwa katika shule yo yote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Mfupa uliolala ardhini zamani hizo zote huwa umekuwa jiwe, lakini jiwe lenye nyufa. Ukipigwa jembe moja la haraka, huvunjika vipande vipande. Yampasa mchimbaji ainame, autoe udongo kidogo kidogo, aukinge mfupa usivunjike, kisha aufunge kwa uangalifu. Mifupa mingine ilifungwa ndani ya mianzi, ikachukuliwa vichwani na mabegani, safari ya siku tatu au nne kwa miguu hata bandari ya Lindi. Mizigo yote iliyovuka bahari ilizidi tani 200.

Kati ya watu hao alikuwako Boheti bin Amrani. Huyu aliishika kazi hata akawa msimamizi mkuu wa wachimbaji, na fundi mashuhuri wa kuitengeneza mifupa. Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja. Hupatikana mfupa kwa mfupa, kwa macho yanayotazama sana na mikono isiyo na pupa. Hapo ndipo kujiamini kwa kweli kunapozaliwa. Mtu hufanya jambo dogo leo, akalifanya vema. Kesho mikono yake humshuhudia kwamba aweza, naye hujaribu kubwa kuliko lile. Ushahidi huo hauwezi kunyang'anywa na mtu, hata mtawala.

Tena, mchukuzi aliyebeba kipande kimoja hakumwona mnyama mzima. Labda alijiuliza, "Jiwe hili lina faida gani?" Mwaka 1937 vipande viliunganishwa Berlin, navyo vilitoka katika wanyama zaidi ya mmoja, ukasimama mfano wa mifupa mrefu sana kwenda juu. Watu wa dunia yote huenda kuustaajabia. Uliinuliwa na shingo za watu wa Lindi.

Lakini tusiwadanganye watoto wetu kwamba kila atendaye vema hulipwa mapema. Majina ya wachukuzi wengi yamesahauliwa. Mifupa ingali Berlin, na wako Watanzania wanaodai irudishwe. Boheti mwenyewe alipata heshima kuu mwaka 2007, zaidi ya miaka tisini baada ya kazi ile, mtaalamu mmoja Mjerumani alipompa dinosauri mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa ajili ya kumkumbuka. Sifa ilikuja, naye hayuko kuisikia. Angalikuwa mtu wa kungojea sifa ndipo afanye kazi, asingalifanya lo lote.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi unayeshindwa na hesabu, usiseme, "Mimi sina akili." Ifanye hesabu moja leo, uimalize. Nawe kijana unayeona haya kwa jembe au kwa wavu wa baba yako, jifunze kazi hiyo hata wazee wakuulize shauri. Hata mapenzi ya mume na mke hayajengwi kwa maneno matamu ya siku ya arusi. Hujengwa kwa mambo madogo ya kila siku, maji yaliyotekwa, hasira iliyozuiwa, ahadi iliyotimizwa.

Nasi tulio wazazi na walimu, tuangalie ndimi zetu. Mtoto aitwaye mjinga kila siku huweza kulisadiki jina hilo. Afadhali tumpe kazi aiwezayo, tumsimamie, na akiimaliza tumwambie kweli kwamba ameiweza.

Wazee wetu walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wa Tendaguru waliinama, wakatoa ardhini ajabu ya dunia. Usiku huu, kabla hujalala, jiulize: ni jambo gani nilijualo sasa nisilolijua mwaka jana? Ukilipata, hata likiwa dogo, anzia hapo. Usipolipata, kesho ni siku njema ya kuanza.